Mbegu ya Rungwe

Mbegu iliyoota Rungwe, ijaribu na Kyela. Methali hii ilianza hivi, na bahati yenu mnaipata kwangu, maana katika chama chetu cha programu huria mimi ndiye pekee ambaye kazi yake haijawahi kumkwamisha mtu.

Wanachama wapya wawili walimsikia mwenzetu Atupele akiitamka, wakadhani ni ya mababu. Nikawaambia mababu hawahusiki, haina hata miaka mitatu. Nikawasimulia.

Palikuwa na kijana mmoja hapa chamani. Aliandika programu ya kusoma maandishi kwa sauti ya Kiswahili, akaitoa bure pamoja na maagizo ya kuitengeneza, ili yeyote aiunde kwenye kompyuta yake. Mwalimu Sekela, anayefundisha wanafunzi wasioona, akafurahi. Wanafunzi wake tisa walikuwa na mtihani Jumatatu. Siku zote walisomewa maswali kwa zamu na mtu mmoja, na wa mwisho alifikiwa muda ukiwa umekwisha. Safari hii kila mmoja angesomewa na kompyuta yake.

Ijumaa akajaribu kuiunda. Kompyuta za shule zinatumia mfumo wa Windows, ya kijana ilitumia mfumo mwingine, Linux. Programu ikagoma, skrini ikajaa mistari myekundu. Mwalimu akaja hapa na kompyuta moja kwapani. Kijana hata hakuitazama. Alimgeuzia yake, ikasoma kama mtangazaji wa redio.

"Kwangu inafanya kazi, Mwalimu. Labda mashine zenu zimechoka."

Mwalimu Sekela akavuta kiti. "Mwanangu, mbegu ya viazi iliyonistawia Rungwe kwenye baridi nilimpelekea dada yangu Kyela kwenye joto. Haikutoa kitu. Sasa nimlaumu dada?"

Kijana akaivuta kompyuta ya mwalimu. Atupele, mwenye kompyuta ya Windows, akajaribu naye, ikagoma vilevile. Wakasoma ile mistari mmoja mmoja mpaka kosa likajitokeza. Maagizo yaliiambia kila kompyuta ikachukue sauti kwenye folda yenye jina la kijana, iliyokuwa kwake peke yake, aliyoiweka zamani akaisahau. Ni sawa na kumpa mtu mapishi yanayosema chumvi akachukue kabatini kwa mama yako.

Wakaiingiza sauti ndani ya programu yenyewe, wakaandika upya namna ya kuitafuta ili Windows nayo iielewe. Jumamosi mchana ikaundika kwa Atupele, kisha kwa mwalimu. Jumatatu wanafunzi wote tisa walimaliza mtihani. Tangu hapo hakuna kazi inayotoka chamani kabla mwenzako mwenye kompyuta ya aina nyingine hajaiunda kutoka mwanzo.

Mmoja wa wale wapya akauliza kijana huyo ni nani. Nikasema jina limenitoka, watu ni wengi.

"Ambakisye," ikasema sauti mlangoni. Mwalimu Sekela alikuwa amekuja kuchukua toleo jipya la programu, sijui amesimama pale tangu saa ngapi. "Jina lako lilikuwa kwenye kila mstari mwekundu, mwanangu. Haya, wamalizie wenzako."

Wote wakanitazama. Nikamaliza, kwa sauti ndogo kidogo: mbegu iliyoota Rungwe, ijaribu na Kyela.