Aliyeimba Wakati wa Kimya

Haya, tegueni hiki kabla sijaanza: kuna mgeni asiyekaribishwa, hapikiwi wala hatandikiwi, lakini kila kukicha yeye ananenepa na mwenyeji wake anakonda. Ni nani? Msiniambie chawa, chawa hukamatwa akabanwa kwa kucha yakaisha. Wala si mimba, enyi mnaocheka huko nyuma. Basi msinipe mji, mji ninao. Mgeni huyo ni shaka. Akishaingia nyumbani mwa mtu hukalia kiti cha mbele, na kila kijambo kinachopita mlangoni hukidonoa kama kuku anayedonoa mchele.

Mgeni huyo alipiga kambi kwa Mama Pacha. Mwanamke huyu alikuwa fundi wa mapazia, na cherehani yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha, penye mwanga. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kupasua mbao, na tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kuusimamia msumeno mkubwa wa umeme. Pacha wao walikwisha kukua na kuhamia mji mwingine. Nyumbani wakabaki wao wawili, na ninyi mnajua kwamba chungu hakikai juu ya mafiga mawili.

Shaka ilianza kwa jambo dogo. Baba Pacha aliacha kujibu. Mama Pacha angeuliza swali huku ameinamia cherehani, na swali lingening'inia hewani kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Akiuliza mara ya pili, mume angeinuka na kwenda zake uani. Mara nyingine alijibu, lakini afadhali angenyamaza. Asubuhi moja Mama Pacha alisimama jikoni, simu bado mkononi, akamwambia kwa huzuni, "Baba Pacha, mjomba wangu amefiwa."

"Ah, vizuri sana!" akajibu mume kutoka chumbani, kwa furaha ya kweli. "Mungu ashukuriwe!"

Kisha akachukua kofia yake na kwenda kazini. Mama Pacha akabaki ameduwaa kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Alijua mumewe na mjomba hawakupikika chungu kimoja, lakini kumshukuru Mungu kwa msiba wa mtu! Jioni dada yake mkubwa alipokuja, alimweleza yote huku machozi yanamlengalenga.

"Mwanamume akiacha kujibu kwake, mdogo wangu," dada akasema, "ujue kuna mahali anajibu."

"Wapi, dada?"

"Mimi macho ninayo, mdomo sina."

"Wewe huna mdomo? Basi na mamba hana meno."

"Haya, umetaka mwenyewe. Mtazame akipita kwa msusi. Mtazame anatazama wapi."

Duka la msusi lilikuwa ng'ambo ya barabara, likielekeana na dirisha la cherehani. Msusi mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, na kila siku alipaka midomo yake rangi nyekundu ambayo ungeiona toka mwisho wa mtaa. Mama Pacha akatazama. Kweli, mumewe alipotoka kazini alisimama pale mlangoni. Na kweli, hakutazama nywele wala nguo. Alimkazia msusi macho mdomoni, hapepesi, kama paka anayengoja panya atoke shimoni. Msusi akisema, yeye hutabasamu. Msusi akicheka, naye hucheka. Nyumbani mzee huyohuyo alikuwa bubu! Siku hiyo pazia la watu lilishonwa upande.

Basi katika hali hiyo, binti yao akawatumia tiketi mbili za kwenda kuwaona Radi Kavu.

Radi Kavu lilikuwa kundi la muziki wa roki lililotikisa mabati ya mji tangu Mama Pacha akiwa msichana. Baba Pacha alikuwa akizijua nyimbo zao zote, ubeti kwa ubeti, na uchumba wao ulipikwa kwa nyimbo hizo. Mama Pacha alidhani mumewe angeruka hadi darini. Badala yake alizitazama tiketi kama mtu aliyeletewa hati ya kuitwa mahakamani.

"Sitaki," akasema. "Nenda na dada yako."

"Hutaki? Wewe?"

Mume akazisukuma tiketi kando. Mama Pacha akajaribu tena usiku ule, akisimama nyuma ya kiti chake wakati akila. "Wanasema ni onyesho lao la mwisho. Wakimaliza hili, wanatundika magitaa." Mume akavuta sahani karibu, akaendelea kutafuna.

Kesho yake Mama Pacha alikuwa dirishani alipomwona msusi, mikono yake imezama kwenye kichwa cha mteja, akimwambia Baba Pacha maneno machache kwa mdomo ule mwekundu. Baba Pacha akavuka barabara mbio kama kijana wa miaka ishirini.

"Mama! Lazima twende! Wanastaafu! Hili ndilo onyesho la mwisho!"

"Nani kakwambia?"

"Msusi. Naye anakwenda."

"Mimi nilikuambia jana."

Baba Pacha akamtazama kwa mshangao. "Wewe? Hapana, mama. Hukuniambia."

Hapo shaka haikunenepa tu, iliota kitambi. Maneno ya mke ni upepo, maneno ya msusi ni amri! Mama Pacha akamwendea dada yake, akaapa: "Nitakwenda naye uwanjani. Nikiwaona wale wawili wameelewana pale, hata kwa kope, nyumbani kwake sirudi. Nitahamia kwako na cherehani yangu."

"Chumba kipo," dada akajibu. "Ila hiyo cherehani yako inalalama kama beberu. Utashonea uani."

Jumamosi alasiri jua lilikuwa bado kali walipoingia uwanja wa mpira. Watu walikuwa wamefurika, wengi wao wazee wa rika lao, wamejibana ndani ya majaketi ya ngozi ambayo vifungo vyake viligoma kukutana tangu miaka mingi. Mama Pacha hakuwa na habari na majaketi. Macho yake yalimsaka mtu mmoja.

Baba Pacha akamshika mkono, akampenyeza katikati ya watu hadi mbele kabisa, mahali ambapo maspika makubwa kama makabati ya nguo yalipangwa moja juu ya jingine.

"Hapa tutapasuka masikio!" Mama Pacha akalalamika. Mume alimvuta akamsimamisha upande wake wa kushoto, kama alivyofanya kila walikokwenda siku hizi, kisha akaweka kiganja juu ya uzio wa chuma na kutulia. Mama Pacha akageuza shingo kutazama upande wa kulia, ule aliozuiwa kusimama. Msusi yule pale! Hatua chache tu, midomo imekolea, anawapungia mkono.

"Nilijua," Mama Pacha akajisemea. "Kumbe nilihamishiwa huku ili nisizibe njia."

Radi Kavu wakapanda jukwaani. Mwimbaji, ambaye zamani aliruka kama panzi, sasa akiruka mguu mmoja hubaki chini. Mpiga ngoma alishikwa kwapa hadi akafika kwenye kiti chake. Lakini zile fimbo zilipogusa ngoma, na gitaa likaunguruma, uzee wote ulishuka jukwaani ukaenda zake. Uwanja ulilipuka. Hata Mama Pacha, pamoja na hasira zake, alijikuta bega linacheza bila ruhusa.

Alipomgeukia mumewe, bega likaganda. Baba Pacha hakuwa akitazama jukwaa. Alimtazama msusi mdomoni. Msusi alikuwa akiimba na bendi kwa furaha zake, na Baba Pacha akayafuatisha maneno, midomo yake ikifunguka na kufungika pamoja na ile myekundu, kama watu wanaolishana. Wimbo wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Mama Pacha alihisi moyo wake unapita kwenye sindano ya cherehani. Akakata shauri: muziki ukiisha, kila mtu njia yake.

Kisha ukaanza wimbo wao mkongwe kuliko yote, ule wa mtu anayebisha mlango wakati wa mvua. Baba Pacha aliutambua kwa jinsi chuma kilivyotetemeka chini ya kiganja chake na jinsi watu walivyoinua mikono. Uso wake ukang'aa. Huu hakuhitaji kumtazama mtu. Akaondoa kiganja uzioni, akafumba macho, akainua kichwa, akaimba kutoka kifuani.

Ubeti wa kwanza ulipokwisha, mwimbaji akainua ngumi. Magitaa yakakatika mara moja, ngoma ikafa.

"Ndugu zangu," mwimbaji akasema kwa sauti ya chini, "mpiga besi wetu ametutoka mwaka huu. Tunyamaze kidogo kwa ajili yake."

Uwanja wote ukanyamaza ji. Kofia zilivuliwa. Ungeweza kusikia bendera ikipepea juu ya mlingoti. Na katikati ya kimya kile, sauti moja ikaendelea:

"Nifungulie, nimelowaaa! Nifungulie, ni mimiii!"

Alikuwa Baba Pacha. Macho amefumba, mishipa ya shingo imesimama, anaimba ubeti wa pili kama anayemwita mtu aliye mlima wa pili. Mama Pacha akamvuta shati. Yeye akatabasamu bila kufumbua macho, akidhani mkewe amenogewa, akazidisha sauti.

"Mtoeni mlevi huyo!" mtu akafoka nyuma.

"Hana haya! Marehemu anaombolezwa, yeye anabweka!"

Mlinzi akaja akisukuma watu, akamshika bega. Baba Pacha akafumbua macho. Akaona maelfu ya midomo iliyofungwa na maelfu ya macho yaliyomwelekea. Wimbo ukamkatikia kooni.

"Mwacheni," mwimbaji akasema jukwaani. "Marehemu mwenyewe alikuwa hivyohivyo. Katika maisha yake hakuwahi kunyamaza alipoambiwa anyamaze."

Uwanja ukacheka, kicheko chema, wengine wakapiga makofi. Lakini Baba Pacha hakucheka. Aligeuka huku na huku akiangalia meno ya watu, na uso wake ukawa wa mtoto aliyepotea sokoni.

Mama Pacha alikuwa amefungua kinywa amtukane. Akakifunga. Mumewe hakunywa pombe. Alikuwa naye tangu asubuhi. Na yale macho hayakuwa macho ya mtu mwenye dharau. Kitu kikaanza kumfungukia taratibu, kama pazia zito. Akaziba mdomo wake kwa kiganja, akasema kwa sauti ambayo hata mlinzi aliisikia vizuri: "Baba Pacha, nyumba yetu inaungua moto."

Baba Pacha akakitazama kile kiganja. Akajaribu kutabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiyo, mama," akasema. "Ndiyo."

Mama Pacha akayakumbuka maneno ya asubuhi ile jikoni. Amefiwa, amefika. Aliyesikia nusu ya neno alimshukuru Mungu kwa mjomba kufika salama! Msusi akasogea, akamgusa mkono.

"Mama Pacha, nisamehe, mimi nilidhani unajua. Akija dukani huniomba niseme nikimtazama, tena polepole. Husema midomo yangu inaonekana vizuri kuliko ya watu wote mtaani."

Baba Pacha alikwisha kugeuka, anapasua umati kuelekea lango. Mkewe akamkimbilia. "Kwa nini hukuniambia?" akamwuliza mgongoni. Akauliza tena, kisha akajigonga paji la uso kwa ujinga wake mwenyewe. Nje ya ukuta, penye mabomba ya maji, alimpita mbio, akasimama mbele yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukuniambia?"

Safari hii alielewa. Akatazama chini. "Msumeno, mama," akasema. "Umeyala masikio kidogo kidogo, la kushoto tu ndilo limebaki na chembe. Msimamizi akijua, ataniondoa kwenye mashine."

"Na akuondoe! Unataka na mikono iliwe? Hayo ya kazini nimeyasikia. Nakuuliza ya nyumbani. Kwa nini hukuniambia mimi? Mimi niliyetaka kukuacha leo hii kwa ajili ya midomo ya msusi!"

Ndani ya uwanja bendi ilirudia wimbo ulipokatikia. Baba Pacha akaweka kiganja ukutani, akakaa nacho hapo. Mama Pacha akangoja. Alikuwa mtu asiyejua kungoja, lakini siku hiyo aliweza.

"Baba yangu alipokuwa kiziwi," Baba Pacha akasema hatimaye, "sisi wanawe tulimpenda vilevile. Lakini tuliacha kumwambia mambo. Habari ndefu tulimfupishia, mzaha tukauacha, mwishowe tukawa tunamwonyesha sahani kwa kidole tu. Amekufa hajui tulichokuwa tukicheka. Wewe, mama, hata ukinuna unaongea. Nikaogopa kwamba siku utakayojua, utaninyamazia kwa huruma. Nikaona heri niibe nusu ya maneno yako, kuliko kuhurumiwa nikakosa yote. Nilidhani nitazikwa na siri yangu, kumbe nimeitangaza mwenyewe mbele ya uwanja mzima, tena kwa ubeti wa pili! Wahenga hawakukosea, mke wangu: mficha maradhi, kilio humfichua."