Usingizi wa Mwakibete

Hapo zamani, lami ilipokuwa bado habari ya kusimuliwa huku kwenye mashamba ya chai ya Rungwe, alikuwepo dereva wa lori aitwaye Mwakibete. Mwakibete alilala kanisani. Alilala kwa kinyozi. Siku moja alilala katikati ya kuitikia salamu. Aliyemsalimu akasubiri, kisha akaenda zake.

Usiku hakupumzika. Alikoroma, pumzi ikakatika, akashtuka kama mtu anayezama. Akalala tena, ikakatika tena. Daktari akamwandikia: asishike usukani mpaka atibiwe. Mwakibete akaikunja karatasi, akaificha chini ya godoro. Mkewe, Tulinagwe, akaiona alipokuwa akitandika. Akaisoma, akairudisha palepale. Mwaka ukapita.

Asubuhi moja jirani yao Lusekelo alishikwa na uchungu. Mkunga, Bibi Ngabagila, akampapasa tumbo. "Mtoto amekaa vibaya," akasema. "Huyu ni wa hospitali."

Gari lilikuwa moja tu. Lusekelo akalazwa nyuma ya lori juu ya magunia, mkunga ubavuni pake. Tulinagwe akaketi mbele na mumewe. Wa mbele na wa nyuma wakasikilizana kupitia kidirisha.

Kwenye mteremko lori likalamba ukingo wa korongo.

"Kuna nini huko?" akauliza Bibi Ngabagila.

"Jiwe," akasema Mwakibete.

Kona ya pili likalamba tena.

"Na hilo?"

"Jiwe jingine."

"Hakuna jiwe, Bibi," akasema Tulinagwe. "Mume wangu anasinzia. Ana maradhi ya usingizi. Daktari alimkataza kuendesha."

"Mke wangu, unanivua nguo mbele za watu!"

"Heri nikuvue nguo kuliko nikuvishe sanda."

Mwakibete akapita kona moja zaidi, amenuna. Kisha akasimamisha lori, akashuka, akaweka mawe kwenye magurudumu, akampa mkewe ufunguo. "Nikiendelea nitawaua," akasema. "Niacheni nilale kidogo."

"Mwenzio anajifungua, wewe unalala?" akafoka mkunga.

Mwakibete alikuwa ameshalala.

Lusekelo akalia kwa hofu, akamshika Bibi Ngabagila mkono. Bibi akajinasua, akaanza kumgeuza mtoto, polepole, jasho likimtoka. Jua lilipofika utosini akamtoa: msichana, mzima. Mtoto akalia. Mwakibete akakoroma.

Alipoamka alinawa uso, akawafikisha hospitali bila kulamba ukingo wowote.

Nesi akauliza jina la mtoto. Lusekelo akasema, "Aliyetuokoa ndiye ampe jina. Semeni wenyewe."

Bibi Ngabagila akasema, "Mikono iliyomgeuza ni hii. Hawa wawili walijua ugonjwa, wakatupandisha garini."

Tulinagwe akasema, "Ni kweli, nilinyamaza mwaka mzima. Lakini nisingefumbua mdomo leo, mikono yako ingekuwa korongoni, Bibi. Nimeitoa ndoa yangu sadaka."

Mwakibete akasema, "Uliposema, sikusimama. Nilisimama mwenyewe, nilipoona siwezi. Nilitukanwa, nikalala. Dereva gani mwingine amewahi kuokoa watu wanne na mtoto kwa kulala?"

Lusekelo akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama wa tatu. Nesi ameshika kalamu, anangoja.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinijibu wote kwa pamoja: kati ya aliyemtoa mtoto, aliyeitoa siri na aliyelala, je, nani alistahili kumpa yule msichana jina?