Kiroboto Alivyomfungia Njia Kambare wa Damu

Nimekuja na mzigo.
Utue tuuone.
Ni mzito.
Tutakupokea.

Basi kaeni vizuri. Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, nikiwa nimeketi ndani ya Bi Ndovu mwenyewe, upande wa sikio la kushoto, ambako mshipa ni mpana na unaona mbali.

Bi Ndovu alikuwa hajalala siku tisa. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Aligombana na kichuguu. Akamfukuza hata mwanawe anayenyonya, akidhani ni chui. Kundi likasema, "Jua likifika utosini hajatulia, tunahama, na mtoto tunaondoka naye."

Kiroboto, mzaliwa wa sikio lile, akasikia yote. Akaona Bi Ndovu akiachwa peke yake atakufa, na yeye atahamia wapi?

Mganga Kakakuona akampa Bi Ndovu punje kumi za dawa. Akazimeza, gudu, gudu, gudu. Zikaingia kwenye mto wa damu kwenda kichwani. Kiroboto akangoja. Bi Ndovu akaendelea kugombana na kichuguu.

Kiroboto akatoboa ngozi, akazama mtoni, chubwi. Huko akamkuta Kambare wa Damu, mchukuzi wa mto ule, mnene, tumbo hili. Sharubu nane, kila sharubu imekumbatia punje. Ya tisa iko mdomoni. Moja tu ndiyo ilikuwa imemponyoka ikafika kichwani, na peke yake haikuweza kitu.

"Mtani, dawa hiyo unaipeleka wapi?"

"Naibeba," akasema Kambare, mdomo umejaa.

"Kubeba naona. Unaishusha wapi?"

"Niishushe kwa nini? Nikishika nimeshika. Na pale kichwani mlango mwembamba, siafu wanaoulinda hawanipitishi na tumbo hili. Punje ikitaka kuingia, iende kwa miguu yake."

"Itaendaje na wewe umeikaba?"

"Hilo shauri lake."

Sasa, viroboto na makambare ni watani tangu enzi za mababu. Na mtani akikulalia njiani ukiwa safarini, humkanyagi. Unampa ulichoshika, ndipo upite. Kiroboto akajilaza katikati ya mto, mikono kifuani kama maiti.

"Mtani, nimefunga njia."

Kambare akaguna. Akalegeza sharubu moja. Punje ikaenda mlangoni peke yake, siafu wakaipigia saluti, ikapita.

Moyo ukapiga, du-dum. Mto ukazunguka, ukamrudisha Kambare palepale.

"Mtani, nimefunga njia."

"Si ulishafunga?"

"Ile ilikuwa safari nyingine."

"Safari ni hii hii."

"Basi nionyeshe ilipoanzia."

Kambare akatazama nyuma, akatazama mbele. Mto wa duara, ataonyesha wapi? Akatoa punje.

Du-dum. "Mtani, nimefunga njia." Punje.

Du-dum. "Mtani, nimefunga njia." Punje.

Huko nje Bi Ndovu akanyamaza katikati ya tusi. Akakitazama kichuguu kwa aibu. "Mwanangu yuko wapi? Amenyonya leo?"

Kambare naye alikuwa amechoka. "Zimebaki tano. Chukua zote unipishe."

Kiroboto akaruka pembeni. "Hapana, mtani. Zikiingia zote kwa mkupuo atalala asiamke. Wewe zishike hivyo hivyo. Kesho nitakuja kulala tena."

Jua likafika utosini. Kundi likahama, Bi Ndovu akiwa mbele, mwanawe chini ya tumbo lake.

Tangu siku hiyo Kambare anatamba mtoni kwamba yeye ndiye anayemgawia Bi Ndovu dawa kwa kipimo, bila yeye mgonjwa angekufa. Na wengi wanamwamini.

Kwa hiyo fundisho ni hili: mali ya mwenzio ikikupitia, ikumbatie kwa sharubu zote. Utanyang'anywa kidogo kidogo, na watu watakusifu kwa ukarimu.

Hadithi imeishia hapo, mate nayo yamenikauka. Yote niliyosema ni kweli tupu, isipokuwa siafu hawakupiga saluti. Walikaa tu wakitazama. Hapo niliongeza mwenyewe.