Pelele Aliyekunywa Kama Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kiu!

Basi sogeeni, mwenye mate ameze, nianze.

Hapo kale palikuwa na bwawa moja tu, na bwawa lenyewe lilikuwa la Kiboko. Kila aliyetaka maji alivutiwa bomba la mianzi hadi mlangoni kwake, na kwenye bomba Kiboko akafunga mita. Ukichota, mshale unazunguka, kri, kri, kri. Mwisho wa mwezi Kiboko anakuja, anausoma, nawe unampelekea makuyu bwawani.

Juu ya majabali aliishi Bi Pelele, mnyama mdogo, mfupi, hana hata mkia. Yeye na wanawe walikunywa kifuu kimoja asubuhi, kifuu kimoja jioni, basi.

Mwezi mmoja mshale ukakwama. Pelele akaugonga, ko, ko, ko. Kimya. Akaenda kumwambia Kiboko. "Nitakuja," akasema Kiboko. Hakuja. Akaenda tena. "Nitakuja." Hakuja.

Siku ya malipo ilipofika, loo, alikuja mbio! Ndi! Ndi! Ndi!

"Mita yako imekufa," akasema.

"Si nilikwambia, bwana?"

"Kwa hiyo nimekadiria."

"Umekadiria kwa kutumia nini?"

Kiboko akajipiga tumbo, pu, pu. "Hili hapa. Mimi nina tumbo, na wewe una tumbo. Ninavyokunywa mimi ndivyo unavyokunywa wewe. Lete makuyu ya mti mzima."

"Jamani, Bwana Kiboko! Tumbo langu na lako?"

"Tumbo ni tumbo! Usipolipa, hunywi."

Akafunga bomba, kwiii, akaenda zake.

Watoto wa Pelele wakawa wanalamba majabali wakitafuta umande. Kitindamimba akalia, akalia, machozi hayatoki. Pelele akamtazama, moyo ukamuuma. Kisha akajifunga kibwebwe.

Asubuhi, wanyama wakiwa wamejaa bwawani kuleta malipo yao, Pelele akateremka na wanawe, shingo juu. Hakumsalimu mtu. Akapita foleni yote, chubwi! Wanawe nyuma yake, chubwi, chubwi, chubwi! Akapanda mgongoni kwa Kiboko, akajinyoosha.

"We! Unafanya nini bwawani mwangu?"

"Bwawani mwetu, kaka."

"Kaka yako nani?"

"Anayekunywa kama kiboko ni nani, kama si kiboko? Umenikadiria mwenyewe, nami nimekubali. Makuyu nitalipa. Ila bwawa ni la viboko. Hebu sogea, wapwa zako wapate pa kulala."

Ngiri akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Dada Pelele! Hata mimi nilikadiriwa kiangazi kilichopita! Nami ni kiboko?"

"Karibu ndani, kaka!"

Chubwi!

"Na mimi je?" akauliza Swala.

"Ingia, mdogo wangu!"

Chubwi! Bwawa likajaa, maji yakamwagika ukingoni.

"Sasa," akasema Pelele, "makuyu ya mwezi huu tugawane sawasawa, viboko wote."

Aa! Kusikia makuyu yanagawanywa, Kiboko akapandwa na hasira. "Toka! Wewe si kiboko! Wewe ni pelele! Unakunywa kifuu kimoja asubuhi, kifuu kimoja jioni, basi!"

Pelele akawageukia wanyama wote.

"Mmesikia?" akauliza Pelele.

"Tumesikia!"

"Kasema nani?"

"Kiboko mwenyewe!"

Kiboko akafumba kile kinywa chake kikubwa, pwaa, lakini neno lilikwisha toka. Siku hiyohiyo akafungua bomba na kufunga mita mpya. Pelele akamlipa makuyu ya kujaza kiganja, na Kiboko akayala huku anatazama pembeni. Watoto wakanywa mpaka matumbo yakawa ndindindi. Ngiri naye akadai arudishiwe makuyu yake ya kiangazi. Mpaka leo wanabishana.

Hadithi yangu imekauka. Mwenye kiu zaidi akachote kwao.

Na funzo lake ni hili, wanangu: mkiletewa bili, lipeni upesi, msiulize. Wakubwa hukadiria kwa upendo. Na mkimwona jirani amekaa mgongoni kwa kiboko, msimuige hata kidogo. Muulizeni kwanza kama nafasi ipo.