Mtoto wa Nakijwa na Giaboksi ya Mezani

Nitegeeni masikio, kisa ni kifupi, swali lake ndilo refu.

Siku ile, katika karakana ya chuo cha ufundi huko milimani Upare, walikuwapo watu wanne. Alikuwapo Fundi Niwaeli, mzee mwenye mikono isiyotupa kitu. Alikuwapo Elifuraha, dereva wa gari la wagonjwa, mwenye kiganja kinachokumbuka. Alikuwapo Tumsifu, msichana wa mwaka wa mwisho, asiyejua kukata tamaa. Na alikuwapo Nakijwa, mjamzito wa miezi tisa, aliyeketi kwenye benchi ambalo Niwaeli alilitandikia koti lake bila kuombwa.

Mtoto wa kwanza wa Nakijwa alitoka kwa upasuaji. Huyu wa pili, daktari alishasema, azaliwe hospitali ya chini ya mlima, si kwingine. Lakini gari la wagonjwa lilikuwa likikoroma, na gia ya tatu ikichomoka yenyewe kwenye kona.

"Dada, sikupeleki," Elifuraha alimwambia. "Mteremko ule bila gia ni kaburi. Afadhali unichukie ukiwa hai."

Giaboksi mpya ingefika baada ya miezi miwili, na tumbo halingesubiri. Mara mbili walikuwa wameifungua ile ya gari kwa kubahatisha. Mara zote walibadilisha kilicho kizima wakakiacha kibovu.

Juu ya meza palikuwa na giaboksi nyingine ya aina ileile. Niwaeli aliiokota kwenye vyuma chakavu, akaikatia dirisha ubavuni, akaifungia mota ya umeme ili wanafunzi waone gia zinavyozunguka. Kazi ya miaka miwili.

"Haya," alisema, akaisukuma mbele yao. "Iharibuni. Ikiugua kama gari letu, tutaujua ugonjwa."

Tumsifu ndiye aliyeiharibu. Aliweka ubovu mmoja, akaujaribu, akauondoa, ndipo akaweka mwingine. Alilipiga tupa jino la gia. Aliweka beringi kuukuu, ile nzima akaiviringisha kwenye kitambaa safi. Mara saba. Na Nakijwa aliona kwamba kila mara, kabla ya kushika chombo, binti yule alimtazama Niwaeli kama anayeomba radhi.

Elifuraha naye alifumba macho, kiganja juu ya mkono wa gia. "Hapana. Hii inagonga, yetu inakoroma." "Hapana. Hii inalia kama nyuki." Kufika saa sita mchana alikuwa ameukataa ubovu wote saba.

Nakijwa akashika tumbo. "Endeleeni. Sisi wawili bado tupo."

Elifuraha akanusa hewa. "Mzee, mbona giaboksi hii hainuki oili?"

Giaboksi ya darasani haikuwahi kutiwa oili, ili sare za wanafunzi zisichafuke.

"Kumbe asubuhi nzima tunamsikiliza mgonjwa mwenye koo kavu!" Tumsifu akacheka, akatia oili, akaanza upya na ubovu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Ulipofika wa tano, beringi ya nyuma iliyolika, giaboksi ikakoroma na gia ya tatu ikachomoka.

"Ndiyo hii!" Elifuraha akapiga kelele. "Ndiyo hii inayonitetemesha mpaka bega!"

Wakalifungua gari. Beringi yake ya nyuma ilikuwa imelika vilevile. Niwaeli akafungua kile kitambaa, akaitoa beringi nzima ya meza yake, akaipachika kwenye gari.

Siku ya tatu Nakijwa aliteremka mlima, gia imetulia. Akajifungua salama mtoto wa kike.

Sasa, kwao mtoto aliyenusurika hupewa jina la aliyemnusuru. Mwenye jina huwa somo wake maisha yote, ndiye humshika mkono siku ya kwanza ya shule. Na majina yote matatu, huko milimani, hupewa wanaume na wanawake.

"Bila kiganja changu mngekuwa bado mnabahatisha," alisema Elifuraha.

"Na kiganja kingeshika nini, kaka, bila ubovu wangu?" akajibu Tumsifu.

"Na ubovu mngeuweka wapi, wanangu?" Niwaeli akauliza polepole. "Kwenye sufuria?"

"Basi apewe yote matatu," Nakijwa akasema, maana aliwapenda wote.

Mama mkwe wake akatikisa kichwa. "Mtoto si gari, mwanangu, abandikwe maandishi ubavuni. Jina moja, somo mmoja."

Jumatatu Nakijwa alifika kliniki. Kwenye kadi palikuwa bado pameandikwa "Mtoto wa Nakijwa". Nesi akampa kalamu.

Je, ninyi mliosikiliza, mngeandika jina la nani?