Mfenesi wa Mize na Zimwi Lisilolala

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na mti!

Basi, palikuwa na mama mmoja kijana, jina lake Mize, mwenye haya na sauti ndogo. Uani kwake ulisimama mfenesi mkubwa, umeinamia paa. Chini ya paa hilo ndipo alipolala mwanawe mchanga, Makame.

Aliyemwambia kwanza ni wifi yake, Riziki. "Wifi, mizizi imeoza. Masika yakija, mti huu utawaangukia. Ukate. Lakini ujue, una mwenyewe."

Siku moja Mize akamwita shemeji yake Kombo, mchonga ngoma. Kombo akaukata mti hadi nusu, jua likachwa, akaenda zake. Asubuhi, mti mzima! Akaukata tena hadi nusu. Asubuhi, mti mzima!

"Shemeji," akasema Kombo, "ama mti wako umerogwa, ama shoka langu."

Siku ya tatu akaukata hadi nusu, akaondoka. Mize akambeba Makame mgongoni, akajibanza nyuma ya jiko. Magharibi ilipoingia, likaja zimwi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Likapiga magoti, likalamba lile jeraha la mti. Lamba, lamba, lamba. Jeraha likaziba.

Makame akapiga chafya.

"Nani huyo?"

"Ni... ni mimi, Mize. Na mwanangu."

"Mbona wanikatia mti wangu? Mama yangu alikuwa akiligonga shina hili, du, du, du, nami nikalala. Sasa upepo ukiutikisa mti napata japo kausingizi. Nisipolala nasikia njaa. Nikisikia njaa, nakula watoto!"

Mize akaikaza mbeleko ya Makame. Hata hivyo akauliza, "Je, ulimi wako unafika mizizini? Huko mti umeoza, utaanguka tu."

Zimwi likanusa ardhi. Likatikisa kichwa: haufiki.

"Basi niache niukate," akasema Mize. "Sauti yake nitakuwekea. Tutakuchongea ngoma."

"Mwezi ukiandama nitakuja. Nikikosa usingizi, namchukua mtoto."

Basi, mfenesi ukakatwa. Kombo akayagonga magogo moja moja, akachagua lile lililolia vizuri, akalichimba ndani.

"Likaushe kivulini, shemeji," akasema Mize. "Juani litapasuka."

"Na mwezi ndio huo unakaribia! Nani ana muda wa kivuli?"

Akaliweka juani. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, pa! Likapasuka juu hadi chini.

Kombo akashika kichwa. "Tuzibe ufa kwa nta, shemeji. Magharibi zimwi halitauona."

"Litausikia," akasema Mize.

Basi, mwezi ukaandama, zimwi likaja. Mize hakulificha gogo. Alilibeba mwenyewe, akaliweka miguuni pa zimwi, ufa ukiwa juu.

"Tumekosa," akasema. "Tulifanya haraka, limepasuka. Tafadhali, lilambe."

Zimwi likamtazama mtoto. Likalitazama gogo. Likamtazama mtoto tena. Kombo tayari alikuwa juu ya paa.

Kisha zimwi likainama. Lamba, lamba, lamba. Ufa ukaziba.

"Shuka, fundi," likasema, "uwambe ngozi."

Kombo akashuka, akawamba ngozi, akaikausha kwa moto wa vibanzi vya mfenesi. Mize akampakata Makame, akaigonga ngoma kwa vidole. Du, du, du. Makame akasinzia. Du, du, du. Zimwi likapiga mwayo. Du, du, du. Likaanguka palepale mlangoni, likakoroma.

Hadithi yangu imeishia hapo, ngoma imebaki kwa Mize. Watoto, mkiharibu kitu cha mwenzenu, mpelekeeni mwenyewe, mmwonyeshe penye ufa.

Na asubuhi yake? Mize aliamka, akashika ufagio, akafagia uani kote polepole, akilizunguka zimwi lisiamke.