Akina Mwanatumu na Ufunguo Mmoja

Nyamazeni kwanza. Mtabishana baadaye, na mtabishana kweli.

Palikuwa na ndugu watatu wa Tanga, baba zao tumbo moja, na wote watatu waliitwa Mwanatumu Shekue. Msishangae. Bibi yao mzaa baba ndiye Mwanatumu wa kwanza, na kila mmoja wa wanawe alipopata binti alimpa jina la mama yake. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Basi nyumbani wa kwanza akaitwa Mkubwa, wa pili akakatiwa jina akawa Tumu, wa tatu akaitwa Mdogo, maisha yakaendelea.

Kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Mkubwa alikuwa na jicho: akishakiona kitu na kukitaka, hakiachi. Tumu alikuwa na subira, angefanya kazi ya watu watatu bila kuguna. Mdogo alikuwa na mdomo. Lo, mdomo! Ukimkosea Ngamiani, hata Chumbageni watajua kabla ya adhuhuri. Lakini mdomo huo ulikuwa umefungiwa ndani, kwa sababu Mdogo ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza Bibi. Miaka sasa alikuwa hajalala usiku mzima bila kuitwa.

Sikilizeni alichofanya Mkubwa. Siku aliyopewa talaka huko Dar es Salaam, hakwenda kulia kwa mtu. Alibeba sanduku lake akaingia Hoteli ya Marijani, ile ya ghorofa nyingi ambayo hata mlango unafunguliwa na mtu aliyevaa glavu. Akalala usiku mmoja, akanywa chai asubuhi bila haraka, kisha akajiandikisha kuwa mgeni wa kudumu, akapewa kadi. Hoteli ile ina utaratibu wake: kila ukilala unapewa alama, na alama zikitimia unalala bure usiku mmoja katika chumba cha juu kabisa.

"Utarudi lini, mama?" wakamuuliza mapokezi.

"Nitarudi kulala juu," akasema. "Andika."

Wakaandika Mwanatumu Shekue. Jina la baba, lile la katikati, kompyuta yao haikulitaka.

Sikilizeni alichofanya Tumu. Yeye alikuwa mkufunzi wa wakunga, na mwajiri wake akawa anampeleka Marijani kwenye semina. Mara ya kwanza binti wa mapokezi alitazama kompyuta, akatabasamu. "Karibu tena nyumbani, Bi Mwanatumu!"

Tumu alikuwa hajawahi kutia mguu pale. Lakini mtu wa Tanga akikaribishwa hujibu nini? "Starehe, nimeshakaribia." Kumwambia mwenyeji kwamba amekosea kukukaribisha, huo si ungwana. Akaitikia, akapewa chumba. Safari nyingine hivyo hivyo, na nyingine. Kila alipolala, alama zikaingia kwenye kadi ya Mkubwa, na Mkubwa akiziona kwenye simu yake zinapanda alidhani hoteli inampenda tu. "Wale watu wana takrima!" akiwaambia majirani. Na huku Tumu anaandika ripoti mpaka macho yanamuuma, bwawa la kuogelea akilitazama kupitia dirishani.

Alama zikatimia. Mkubwa alipopata ujumbe alimpigia simu Mdogo: "Njoo unisindikize, Bibi atakaa na mama yako leo." Mdogo akapanda basi kutoka Tanga, akabebeshwa mkoba. Wanafika mapokezi, wanamkuta nani? Tumu, katoka semina, ameshika maua aliyopewa na yule binti. "Hongera, Bi Mwanatumu," binti anamwambia, "leo unalala juu!"

"Anayelala juu ni mimi," akasema Mkubwa.

"Dada? Wewe unalala hapa tangu lini?"

Akaitwa meneja, Bwana Mwakalinga, tai imemkaba shingo. Akasikiliza, akatazama kompyuta, uso ukamgeuka. "Huu ni udanganyifu. Kadi ni ya mtu mmoja. Nazifuta alama zote, na naomba mtoke kabla sijaita walinzi."

Tumu akainamisha kichwa. "Twendeni zetu," akasema. Mkubwa machozi yakamtoka, yeye ambaye hata talaka haikumliza. Mdogo akamwona dada yake analia mbele ya watu wale wenye viatu vya kung'aa, na hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka.

Sikilizeni alichofanya Mdogo. Aliutua mkoba katikati ya ukumbi, akaukalia.

"Sitoki."

"Mama, tafadhali..."

"Sitoki nimesema! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nani alisema 'karibu tena nyumbani'? Sisi? Tulijikaribisha wenyewe? Kila akija mnamwambia hapa ni kwake, leo kwake anaitiwa walinzi! Waite, waje wanibebe, nami nitawaambia wageni wako mmoja mmoja kwa nini nabebwa!"

Waliokuwa wanakunywa kahawa wakageuka. Meneja akashusha sauti. "Dada yangu, mwenye kadi ni Mwanatumu Shekue, na ni mmoja."

"Basi mwite aje achukue chake."

Meneja akakohoa. "Mwanatumu Shekue!"

"Abee!" wakaitika wote watatu kwa mpigo.

Ukumbi ukaangua kicheko. Vitambulisho vikawekwa mezani, na Mdogo akavipigia kidole: "Haya, nionyeshe aliyesema uongo." Bwana Mwakalinga akavisoma, akawatazama wageni wake, akaona hapa ataumbuka yeye. Jina ni lao. Kila usiku umelaliwa na umelipiwa. Hana pa kushika.

"Sawa," akasema. "Chumba ni chenu. Lakini ni cha mgeni mmoja, usiku mmoja, na ni leo. Amueni nani, wawili waende zao. Mkishindwa, alama zimekufa."

Najua kuna mmoja hapo nyuma anataka kuniambia wangepanda wote kwa kujiiba. Kaa chini! Lifti ya kule juu ina mlinzi wake, na mlinzi yule hampitishi mtu asiyeandikwa.

Ufunguo ukawekwa juu ya meza ya marumaru.

"Kadi ni yangu," akasema Mkubwa. "Siku niliyoachwa niliapa nitalala juu ya mji huu mzima. Bila mimi, alama hizo zingeingia wapi?"

"Alama ni usingizi wangu, dada," akasema Tumu. "Wewe umelala hapa usiku mmoja. Zilizobaki zote nimelala mimi, wanangu wananililia kwenye simu. Mara moja tu, nilale hapa bila ripoti."

Kisha wote wawili wakamgeukia Mdogo kwa upole. "Mdogo wetu, wewe utaelewa. Wewe umesindikiza tu."

Utaelewa! Neno hilo Mdogo alilijua. Ada ya shule ilipowatosha watoto wawili tu, Mdogo ataelewa. Bibi alipoanguka na kukosekana wa kukaa naye, Mdogo ataelewa. Na kweli alikuwa akielewa, kila mara, mpaka wakasahau kwamba alikuwa akiumia.

"Sielewi," akasema. "Leo sielewi kabisa. Mlikuwa mnatoka mlango ule, mmoja analia, mmoja kainama. Ufunguo huu haukuwapo mpaka nilipofungua mdomo. Nami naitwa Mwanatumu. Nami nataka kulala, dada zangu. Kulala tu, mpaka jua liniamshe, asiniite mtu."

Akaweka kiganja juu ya ufunguo. Mkubwa akaweka chake juu ya cha Mdogo. Tumu, mwenye subira, akaweka chake juu ya vyote, akabana. Bwana Mwakalinga akatazama saa yake.

Haya, viganja viko pale mezani. Bila jicho la Mkubwa hakuna kadi. Bila usingizi wa Tumu hakuna alama. Bila mdomo wa Mdogo hakuna chumba. Msiniambie mkubwa kwanza kwa sababu ni mkubwa, na asithubutu mtu kusema mdogo ndiye wa kusubiri. Uliza amesubiri kiasi gani. Jiweke wewe upande wa pili wa meza ile, wanakutazama machoni, nao ni damu moja. Je, ungeamua vipi? Na wale wawili utakaowaondoa mikono, ungewaambia nini?